Ukungu wa Lodoare

Ndugu zetu wa pwani wanapokuja Karatu mwezi wa Juni au Julai, aghalabu hushuka kwenye basi wakiwa na kanzu nyepesi na kandambili, na kabla ya swala ya Magharibi huwa wameshaazima makoti. Hatuwacheki sana. Mji wetu uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukiendelea kupanda kwa barabara iendayo Ngorongoro unafika ukingoni mwa kreta, penye zaidi ya mita 2,200. Huko juu, katika miezi hiyo, baridi ya alfajiri huuma vidole hadi usukani ukawa kama chuma kilichotolewa kisimani, na baadhi ya asubuhi majani huamka yakiwa meupe kwa sakitu. Theluji hatunayo. Tulichonacho ni ukungu, na baada ya miaka 26 nikiwa dereva wa watalii katika barabara hiyo, nathubutu kusema kuwa ukungu wetu humdai dereva yale yale ambayo theluji huwadai madereva wa nchi za baridi. Humpa pia raha ile ile.

Nimelitumia neno raha kwa makusudi, ijapokuwa najua mama wa watoto wangu atakapolisoma atalipigia mstari.

Ukungu huu una asili yake. Upepo utokao Bahari ya Hindi huja na unyevu, hupita tambarare, kisha hukutana na milima yetu, na hauna pa kwenda ila juu. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyopoa, na unyevu ule hugeuka kuwa matone madogo mno yanayoelea. Hilo ndilo wingu, na barabara yetu imepita ndani ya wingu. Ndiyo sababu miteremko ya mashariki na kusini ya kreta imefunikwa na msitu mnene, wenye miti inayoning'iniza ndevu za kijivu zilizolowa mchana kutwa. Upande wa magharibi, kuelekea Olduvai, upepo unafika ukiwa umeshautua mzigo wake, mvua ni haba, na nyasi hukauka mapema. Dereva anaweza kutoka katika ukungu mzito wa msituni na, kabla ya saa moja kupita, akawa anatimua vumbi. Na anayeulaani ukungu huo akumbuke kwamba msitu unaoulisha ndio unaotupatia chemchemi, na maji anayotawadhia hapa mjini yana sehemu yake humo.

Wazee wenzangu wanaikumbuka barabara ya zamani. Kabla ya lami kufika mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa serikali ya Japani, safari ya kutoka Makuyuni kuja Karatu wakati wa masika ilikuwa jambo la watu kuagana kwa kupeana mikono. Sasa lami inapanda ukuta wa bonde juu ya Mto wa Mbu, inapita Rhotia, inakatiza mji wetu, na kufika lango la Lodoare. Kutoka mjini hadi langoni hazifiki kilometa 20. Katika miaka yangu yote ya kazi lami iliishia hapo. Ukishalipita lango ilikuwa changarawe nyekundu, kona baada ya kona, kingo ya udongo upande mmoja na bonde lenye miti upande wa pili. Barabara hiyo hiyo hutumiwa na magari ya watalii, malori yapelekayo saruji na vyakula Loliondo, na mabasi yanayokatiza Serengeti kwenda Musoma. Nyati nao huitumia, na wao hawana taa.

Dereva mgeni akiingia ukunguni, jambo la kwanza analolifanya ni kuwasha taa kali. Ni kosa la kimaumbile: giza huondolewa kwa mwanga, basi naye huongeza mwanga. Lakini ukungu ni maji, na maji huurudisha mwanga kwa aliyeutuma. Mbele yake panasimama ukuta mweupe unaong'aa, na haoni hata boneti yake. Taa zinazotakiwa ni zile za chini, zinazotazama ardhi, maana ardhi ndiyo utakayoifuata.

Kisha shusha kioo. Abiria hunung'unika kwa baridi, nami huwaomba radhi na kuwapa mablanketi, lakini sikifungi. Siku ya ukungu masikio huona mbali kuliko macho. Lori linaloteremka kwa gia nzito huguruma kona mbili kabla halijatokeza. Ng'ombe wa Wamasai husikika kengele zao. Nyati husikika akivunja vijiti, na harufu yake hufika kabla yake.

Mwendo nao una udanganyifu wake. Katika siku angavu mwili hujua kasi ya gari kwa kuiona miti ikikimbia pembeni. Ukungu huificha miti, nawe ukadhani unatambaa kumbe unakimbia. Ndiyo maana nilizoea kuutazama mshale wa spidi mara nyingi zaidi katika ukungu kuliko katika lami ya Arusha. Kanuni niliyoishika ni moja tu: gari liweze kusimama ndani ya umbali ninaouona. Nikiona mita kumi, mwendo wangu ni wa mita kumi. Nisipoona kitu, sina mwendo.

Hatari kubwa kuliko zote, na hili hata madereva wazoefu hulipuuza, ni kumfuata aliyetangulia. Taa mbili nyekundu zikionekana mbele, moyo hutulia. Dereva husogea karibu ili asizipoteze, na usogeaji ule huonekana kama busara. Kwa hakika amemkabidhi mtu asiyemjua usukani wake pamoja na watoto wa watu walioko nyuma. Huyo wa mbele akitoka nje ya barabara, naye atatoka. Nimewahi kuona magari matatu yamepangana ndani ya mtaro mmoja kama shanga, kila moja limefuata taa za mwenzake kwa uaminifu. Alhamdulillah hakuna aliyeumia, ila kulikuwa na ubishi mrefu kuhusu nani alikuwa anamfuata nani.

Na hiyo raha iko wapi?

Iko humo humo. Ulimwengu hupungua ukawa vipande vitatu: usukani, ukingo wa barabara wa kushoto, na mita chache za changarawe zinazojifunua polepole. Madeni, maneno ya watu, ada za shule, vyote hubaki langoni. Sijui mahali pengine ambapo akili yangu hukusanyika namna ile. Kuna utulivu wa ajabu katika kupanda mlima ndani ya weupe mtupu, injini ikinguruma kwa gia ya pili, waipa zikifuta mvua ambayo si mvua. Nimewaona wageni waliokuwa wakipiga kelele tangu Arusha wakanyamaza wenyewe bila kuambiwa.

Halafu, siku nyingine, unafika pale mahali pa kutazamia kreta, unazima injini, na hakuna cha kutazama. Wageni wamesafiri kutoka upande wa pili wa dunia, na mbele yao kuna shuka jeupe. Wanapiga picha shuka. Ghafla upepo unageuka, shuka linachanika katikati, na chini yake, mita 600 chini, kunatokea nchi nzima: ziwa la magadi likimetameta, msitu wa Lerai, vivuli vya mawingu vikitembea juu ya nyasi, na ukuta wa pili wa kreta ukiwa mbali kiasi cha kilometa 19. Huonekana kwa muda wa kusema subhanallah mara chache, kisha shuka hufungwa tena. Nimeiona mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na bado kila mara niliitamka tasbihi hiyo kwa sauti. Wageni walidhani ndilo jina la mahali.

Ukungu una ndugu yake, naye ni tope. Vijijini Karatu udongo ni mwekundu, na mvua za masika huufanya uteleze kama sabuni. Chini kretani yako maeneo ya udongo mweusi wa mbuga, ambao ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na ukilowa hufura, ukashika tairi hadi meno yake yakajaa na tairi likawa laini kama chungu. Waulizeni wenye malori ya vitunguu wa Mangola jinsi masika yanavyowageuza wakazi wa njiani. Juu ya tope kila kitu hutakiwa kifanywe kwa upole: klachi iachwe polepole, usukani uzungushwe kidogo, mteremko ushukwe kwa gia na si kwa breki. Vijana wenye magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne hudhani wamekombolewa. Gari hilo litakusaidia kuondoka. Kusimama, litasimama kama mengine, maana kinachosimamisha gari ni tairi na ardhi, na ardhi imeshajitoa.

Mtoto wa kaka yangu anaishi Uswidi mwaka wa tisa sasa, na anaendesha basi la mjini. Kila Desemba hunipigia simu, na baada ya salamu ndefu na habari za wazee mazungumzo yetu huwa ya tairi. Ameniambia mambo ambayo mwanzoni niliyadhania mzaha. Sheria ya kule inawataka wenye magari wafunge tairi maalumu za baridi kati ya Desemba 1 na Machi 31, pindi barabara zinapokuwa na theluji au barafu. Wengi hutumia tairi zilizopigiliwa meno madogo ya chuma, na lami kavu huzisikia zikilia kama mvua juu ya bati. Tena hakuna apewaye leseni ya gari asiyepelekwa kwanza kwenye uwanja uliotengenezwa makusudi uteleze. Hapo mwanafunzi huamriwa akanyage breki aserereke, aone mwenyewe jinsi gari linavyokataa kusimama.

"Baba mdogo," aliniambia, "hapa mtu hulipa fedha ili afundishwe woga."

Nikamwambia hiyo ni ada halali kuliko nyingi ninazozijua.

Alinieleza pia kuwa theluji nyeupe si adui mkubwa, kwa kuwa huonekana. Adui ni barafu nyembamba iliyolala juu ya lami, isiyo na rangi, hasa juu ya madaraja na penye vivuli vya miti. Nikamjibu kuwa nasi tunaye huyo: tope ambalo jua la saa nne limelikausha juu, na chini bado ni mafuta. Tulikubaliana kuhusu karibu kila kitu, yeye na barafu yake, mimi na ukungu wangu. Upole ule ule wa mguu, ule ule mwendo wa kadiri ya macho. Tofauti ni msaada. Kwao magari ya kukwangua theluji hupita alfajiri na barabara hunyunyiziwa chumvi. Kwetu anayekuja ni jirani mwenye trekta, na bei yake hutegemea umezama hadi wapi.

Lakini walichonacho wao hasa, na tusichokuwa nacho sisi, ni ule uwanja. Kijana wetu huijaribu leseni kwenye lami kavu, mchana, baina ya koni za plastiki. Miezi michache baadaye yuko juu ya Lodoare ndani ya wingu, na familia ya watu sita nyuma yake, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuhisi gari likimponyoka. Tunamfundisha woga kwa kutumia abiria. Siku zote nimeliona jambo hili kuwa baya, nikalisema panapohusika, na nililiona baya zaidi mwaka juzi, binti yangu wa pili aliporudi kutoka chuoni na kuniambia kwamba anataka kuwa dereva wa watalii.

Aliniambia mimi kwanza, jikoni, mama yake akiwa uani. Nilijua maana ya mpangilio huo.

Mama yake hakupiga kelele. Aliuliza maswali mawili. La kwanza lilihusu kulala nje: binti wa Kiislamu, hajaolewa, safari za siku tano na watu asiowajua. Hilo tulilizungumza kwa siku kadhaa kama familia, kaka zake wakiwepo, na likapata jibu. Karatu iko mlangoni mwa kreta. Zipo safari za siku moja, kutoka mjini asubuhi na kurudi jioni, kwa kuwa malango hufungwa saa 12 jioni na kila gari la mchana lazima liwe limetoka. Atafanya hizo tu, na Magharibi ataiswali nyumbani. Jirani mmoja alinifuata baada ya swala ya Ijumaa kunieleza kuwa usukani si kazi ya wanawake. Nilimsikiliza kwa adabu, kwa kuwa ni mtu mzima kuliko mimi, kisha nikamuuliza ni nani aliyempeleka mkewe hospitali usiku wa Ramadhani iliyopita. Alicheka, tukaagana vizuri. Alimpeleka binti yangu.

Swali la pili la mama yake halikuwa na jibu. Lilikuwa neno moja: "Marera?"

Wasomaji wa mbali pengine wamesahau. Jumamosi ya Mei 6, 2017, asubuhi ya mvua, basi dogo lililobeba wanafunzi wa darasa la saba kutoka Arusha, waliokuwa wakija Karatu kwa mtihani wa majaribio, lilitumbukia katika korongo la mto Marera pale Rhotia. Walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walitolewa wakiwa hai na baadaye wakapelekwa Marekani kutibiwa. Mimi si mpelelezi wala sisemi lolote kuhusu chanzo. Nasema tu kwamba mwaka huo binti yangu naye alikuwa darasa la saba, na jioni ile mama yake alimvua viatu mwenyewe, mtoto wa miaka 13, akamwosha miguu kama mtoto mchanga. Tangu siku hiyo hajapita daraja lile bila kunyamaza. Kwa hiyo aliposema Marera hakuwa anabishana. Alikuwa anataja kitu ambacho sote tulikuwa tumekiona.

Sikumjibu kwa maneno ya tawakkul. Kisa cha bedui na ngamia wake sote tumekisikia tangu madrasa, na mama yake angenikumbusha kwamba katika kisa hicho kamba hutangulia. Nilimwambia nipe masika moja na Julai moja. Nikishindwa kumfunza, nitamwambia mwenyewe aache.

Uwanja wa kuteleza niliupata. Shemeji yangu ana shamba la mahindi nje ya mji, sehemu yake moja haikulimwa mwaka ule, mteremko mdogo, hakuna mti wala mtaro. Mvua kubwa za Aprili zilipofika tulikwenda na gari langu la zamani, mimi nikakaa kiti cha kushoto, nikamwambia apite kwa kilometa 30 kwa saa kisha akanyage breki kwa nguvu zote. Alinitazama kama mtu aliyesikia vibaya. Akakanyaga. Gari liligeuka taratibu, kwa heshima kabisa, likasimama likitazama tulikotoka. Kimya. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, hadi machozi, akasema, "Baba, tena."

Tulirudia mpaka shamba likawa limepigwa mistari kama daftari. Alijifunza kuachia breki wakati mwili mzima unamwambia azidi kukanyaga. Alijifunza kuelekeza usukani kule anakotaka kwenda na si kule anakokuogopa, jambo lililo gumu kuliko linavyosikika, maana mkono hufuata jicho, na jicho hupenda kutazama shimo. Shemeji alikuja kusimama pembeni na mwavuli wake, akatikisa kichwa, akauliza kama tunapanda au tunavuna.

Julai tulipanda mlima. Mara mbili kwa wiki, tulianza baada ya Alfajiri ili tulikute lango linafunguliwa, kwa bismillahi na dua ya safari ambayo aliisoma yeye kwa kuwa ndiye mwenye usukani. Sikuwa mwalimu mzuri hapo. Miguu yangu ilikuwa ikikanyaga breki ambazo hazikuwepo upande wangu, hadi akaniambia kwa adabu kuwa nitatoboa sakafu ya gari. Yeye alikuwa ametulia. Kioo chini, kitambaa kichwani na kofia ya sufu juu yake, macho kwenye ukingo wa kushoto.

Kando ya barabara ya ukingoni kuna mnara wa mawe ambao madereva huutumia kujua walipo siku za ukungu. Ni kumbukumbu ya Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo pamoja na baba yake. Januari 1959 ndege ile iligongana na tai ikaanguka, naye alikuwa na miaka 24. Baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, aliishi miaka mingine 28, na alipofariki mwaka 1987 majivu yake yaliletwa yakawekwa hapo hapo, kando ya mwanawe. Habari hiyo nimewasimulia wageni katika lugha tatu, kwa mazoea, huku nikiangalia saa. Asubuhi moja ya Julai mnara ule ulitokeza ukunguni upande wangu, binti yangu akasema, "Grzimek," kwa sauti ya mtu anayehesabu vituo, nami nikajikuta nafikiri juu ya yule mzee na miaka yake 28.

Siku ninayotaka kuisimulia haikuwa na ajali. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Julai. Tulikuwa tumeshalipita lango na ukungu ulikuwa wa kawaida, mita 20, pengine 30. Katika kona moja ulizidi ghafla, kama mtu aliyefunga pazia. Niliona mkono wake unashusha gia. Aliona sehemu pana iliyopanuliwa kushoto, akaingia taratibu, akalitoa gari lote nje ya njia, akawasha taa za tahadhari na kuzima injini.

Nyuma yetu walikuja wengine. Kila gari lilipunguza mwendo likatutazama. Dereva mmoja kijana, wa kampuni nisiyoitaja, alisimama akauliza kama gari limekufa. Binti yangu akamjibu kuwa gari ni zima, anasubiri. Kijana alicheka, akasema kwa mwendo huo wageni wake watafika kretani wakiwa wazee, akaondoka na taa zake nyekundu zikamezwa mara moja. Mimi nilikuwa nimenyamaza. Nilikuwa nataka kuona kama kicheko kile kitawasha injini.

Hakikuiwasha. Alitoa chupa ya chai, akanimiminia kwanza mimi, akajimiminia na yeye. Tukakaa dakika 40. Tulizungumza habari za mchumba anayesemwa, jambo ambalo nadhani nyumbani lisingezungumzika kwa urahisi ule. Alisikiliza nje, mara akanyanyua kidole, tukasikia lori likipita karibu mno, likishuka, na hatukuliona hata kivuli.

Ukungu ulipolegea aliwasha gari tukaendelea. Mbele hapakuwa na kitu. Barabara ilikuwa tupu hadi mahali pa kutazamia, hakuna lori lililopinduka, hakuna nyati, hakuna sababu yoyote ambayo mtu angeweza kuionyesha na kusema, tazama, kama tusingesimama. Yule kijana tulimkuta pale juu, mzima wa afya, anawapiga picha wageni wake. Alimpungia binti yangu mkono, naye akampungia. Sikuona aibu usoni pake wala kiburi. Jioni nilimwambia mama yake kuwa nimemaliza kazi yangu. Aliniuliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona akisimama bila sababu. Alifikiri kidogo, akasema basi aende.

Mwaka huu anafanya kazi na kampuni ndogo ya hapa Karatu, siku nne kwa wiki, kretani na kurudi. Mama yake hajaacha kuhesabu. Huijua saa ya lango kuliko askari wake, na simu huiweka dirishani upande wa mlima, ambako anaamini mtandao ni mzuri zaidi. Juzi ilikuwa asubuhi mbaya, ukungu umeshuka hadi mashambani mwetu, na mnara wa msikiti ulikuwa umekatwa nusu. Saa moja na dakika chache simu ikaita. Mama yake akaweka sauti ya wazi ili nami nisikie.

"Asalaam alaykum, mama. Niko langoni. Leo hapaonekani hata boneti." Nyuma ya sauti yake wageni walikuwa wanaulizana kitu kwa Kifaransa, na yeye alikuwa anacheka. "Nimewaambia tunywe chai kwanza."

Mama yake alimwambia avae sweta.